Faida Imekwenda Wapi? Punguzo na Mali Iliyododa

Mazungumzo na wanavikundi vya kujisaidia, kisiwani Mombasa

Wengine mmevuka Likoni kwa feri, wengine mmepita daraja la Nyali, na wengine mmeingia kwa Makupa, na wote mmeamka mapema.

Asubuhi tulitembea pamoja. Tulianza Marikiti, pale palipo na maembe, ndizi na viungo, tukapita Biashara Street kutazama leso, kisha tukashuka Mji wa Kale mpaka Fort Jesus. Kila tulipopita mlisikia maneno mawili yale yale. Mnunuzi anasema, "Nipunguzie." Muuzaji anasema, "Haya, sema wewe." Hayo ndiyo maneno tunayotaka kuyazungumzia leo. Kila mara neno hilo "nipunguzie" likikubaliwa, kuna hesabu inabadilika. Na kila jioni duka likifungwa na kitu hakijauzwa, kuna hesabu nyingine inabadilika. Tusipoijua hesabu hiyo, twaweza kugawana faida ambayo haipo.

Twasema hivi kwa sababu yalitufika sisi wenyewe. Hebu tuwasimulie, hata kama ni aibu kidogo.

Korja moja ya leso

Miaka kadhaa iliyopita kikundi chetu kilikuwa na watu ishirini. Tulichanga kidogo kidogo mpaka tukapata shilingi 8,000. Tukasema tusiziweke tu, tuzifanyie biashara. Tukaja huku kisiwani kununua leso.

Leso nyote mnazijua. Jina lenyewe twaambiwa limetokana na neno la Kireno la kitambaa cha mkono, Wareno hao hao walioanza kuijenga Fort Jesus mwaka 1593. Hapa Mombasa biashara yake ni ya siku nyingi. Duka la Kaderdina Hajee Essak, ambalo leso zake zajulikana kwa chapa ya Mali ya Abdulla, lilianzishwa mwaka 1887. Na katika biashara ya nguo hapa pwani kuna neno la zamani, korja. Korja ni ishirini. Kumbukeni neno hilo, maana litatusaidia baadaye.

Basi tulinunua korja moja, jozi ishirini, kila jozi shilingi 400. Bei hizi tumezifanya namba nyepesi ili mfuate vizuri. Ishirini mara 400 ni 8,000. Tukakubaliana kuuza kila jozi kwa shilingi 600. Tukapiga hesabu haraka: tunanunua 400, tunauza 600, faida ni 200 kwa kila jozi. Mia mbili ni nusu ya mia nne, yaani asilimia 50. Makofi yakapigwa! Korja nzima italeta 12,000, mtaji wetu 8,000 utarudi, na faida 4,000 tutagawana, kila mtu 200.

Leso tukampa mweka hazina wetu auze. Jozi kumi na mbili ziliuzwa upesi kwa bei kamili. Halafu biashara ikapoa. Watu wakaanza kusema, "Nipunguzie." Tukamwambia mweka hazina atoe punguzo la asilimia 20, na tano zikaenda kwa bei hiyo. Tatu zilizobaki hazikupata mtu. Leso, kama mnavyojua, hununuliwa kwa rangi na kwa maneno yake. Jina likiwa halipendezi, hata ukipunguza bei mtu haitaki. Tatu zile zikadoda, zikawekwa sandukuni.

Mwisho wa miezi mitatu tukakutana. Hatukuuliza zimeingia pesa ngapi. Tulisema tu, "Faida yetu ni asilimia hamsini, tugawie zile elfu nne." Mweka hazina akahesabu 4,000 kama tulivyomwagiza, akatugawia. Tukarudi nyumbani tukiwa na furaha.

Wiki iliyofuata tukataka kununua korja nyingine. Sanduku likafunguliwa. Badala ya 8,000 mlikuwa na 5,600. Zimepungua shilingi 2,400!

Hapo ndipo kikundi kilipovunjika moyo. Hakuna aliyekumbuka punguzo wala zile leso tatu. Kila mtu alimtazama mtu mmoja tu, mweka hazina. Maneno makali yalisemwa ambayo hatuwezi kuyarudia mbele yenu. Alisema hakuchukua hata ndururu, lakini hakuwa na daftari la kutuonyesha, kwa sababu sisi wenyewe hatukuwa tumemnunulia. Mwishowe aliuza mbuzi wake, akaleta 2,400, akaziweka mezani na akatoka katika kikundi.

Swali la mtoto wa shule

Ukweli tuliupata kwa mtoto. Binti wa mmoja wetu, aliyekuwa darasa la nane, alikuwa akifanya hesabu za shule jioni. Ni zile hesabu za maneno, ambazo wengi wetu tuliziogopa tulipokuwa wadogo. Swali lilikuwa kama hivi:

Mwenye duka alinunua sahani 30 kwa shilingi 100 kila moja. Aliuza 20 kwa shilingi 150 kila moja. Aliuza 6 kwa punguzo la asilimia 10. Sahani 4 zilivunjika. Tafuta faida yake kwa asilimia.

Mama yake akamwambia, "Hiyo ni rahisi. Mia kwa mia na hamsini, si asilimia hamsini?" Yule binti akauliza, "Mama, kwani hizo zilizovunjika zilikuwa za bure?"

Neno hilo lilimshtua mama. Asubuhi alikuja kwetu mbio.

Basi tuifanye hesabu ya sahani pamoja, taratibu, kwa maswali manne. Maswali haya yashikeni, maana ndiyo yatakayotumika katika kila biashara.

Swali la kwanza: Zilitoka pesa ngapi? Hapa twahesabu mali yote tuliyonunua, iliyouzwa na isiyouzwa. Sahani 30 mara 100 ni shilingi 3,000.

Swali la pili: Ziliingia pesa ngapi? Hapa twahesabu fungu kwa fungu, kila bei peke yake. Sahani 20 mara 150 ni 3,000. Punguzo la asilimia 10 juu ya 150 ni shilingi 15, kwa hiyo zile sita ziliuzwa kwa 135, na sita mara 135 ni 810. Zilizovunjika ni sifuri. Jumla iliyoingia ni 3,810.

Swali la tatu: Tofauti ni ngapi? Toa 3,000 katika 3,810. Zabaki 810. Hiyo ndiyo faida.

Swali la nne: Tofauti hiyo ni sehemu gani ya pesa zilizotoka? Gawanya 810 kwa 3,000, halafu zidisha kwa mia. Jibu ni asilimia 27.

Si hamsini. Ni ishirini na saba.

Twarudi kwa leso zetu

Sasa fanyeni nasi hesabu ya leso kwa maswali yale yale.

Zilitoka ngapi? Jozi 20 mara 400 ni 8,000.

Ziliingia ngapi? Jozi 12 mara 600 ni 7,200. Punguzo la asilimia 20 juu ya 600 ni 120, kwa hiyo zile tano ziliuzwa kwa 480, na tano mara 480 ni 2,400. Zile tatu, sifuri. Jumla ni 9,600.

Tofauti? 9,600 toa 8,000 ni 1,600.

Ni sehemu gani ya zilizotoka? 1,600 kwa 8,000 ni asilimia 20.

Mwaona? Faida iliyokuwepo ni 1,600, sisi tukagawana 4,000. Zile 2,400 za ziada tulizila wenyewe, na tulikula mtaji. Hazikuibwa. Zilikuwa mifukoni mwetu sisi watu ishirini, na mmoja ndiye aliyelipishwa.

Tukaitafuta ile 2,400 mpaka tukaiona ilikokwenda. Tulitarajia 12,000, zikaingia 9,600. Punguzo lilichukua shilingi 120 kwa kila jozi, jozi tano, ni 600. Leso tatu zilizododa zingeleta 600 kila moja, hizo ni 1,800. Jumlisheni: 600 na 1,800 ni 2,400. Imetimia kabisa, hakuna hata senti iliyopotea.

Tulikwenda kwa mama yule, tukiwa wote, tukamwomba msamaha na kumrudishia pesa zake. Alitusamehe na akarudi katika kikundi. Lakini kushika pesa hakukubali tena mpaka leo. Na mbuzi wake alikuwa ameshauzwa.

Asilimia ya nini?

Sasa tuelezane ni wapi watu wengi wanapopotea. Walipotuuliza siku ile, wengine walisema, "Faida asilimia 50, punguzo asilimia 20, basi kwa zile tano tumepata asilimia 30." Sivyo. Ukisikia asilimia, uliza kwanza: asilimia ya nini?

Faida yetu tuliihesabu juu ya bei ya kununulia, 400. Punguzo tulilitoa juu ya bei ya kuuzia, 600. Hizo ni namba mbili tofauti. Asilimia 20 ya 600 ni shilingi 120. Lakini hizo 120, ukizitazama kwa upande wa 400, ni asilimia 30. Yaani kati ya hamsini zetu, tulitoa thelathini, zikabaki ishirini. Hakikisheni: leso ya 400 imeuzwa 480, faida ni 80, na 80 kwa 400 ni asilimia 20. Mnunuzi aliona tumempunguzia ishirini, kumbe sisi tumetoa zaidi ya nusu ya faida yetu.

Mfano mwingine. Mtu ananunua kitu kwa 400, anapandisha asilimia 20, kinakuwa 480. Mteja anaomba punguzo la asilimia 20. Muuzaji anafikiri, "Nilipandisha ishirini, nikipunguza ishirini nitarudi pale pale." Asilimia 20 ya 480 ni 96. Anauza kwa 384. Amepata hasara ya shilingi 16, asilimia 4.

Kwa hiyo andikeni mipaka hii katika daftari zenu:

Ukipandisha asilimia 25, mwisho wa kupunguza ni asilimia 20. Kitu cha 400 kinakuwa 500, ukitoa moja ya tano unarudi 400.

Ukipandisha asilimia 50, mwisho wa kupunguza ni theluthi moja. Kitu cha 400 kinakuwa 600, ukitoa theluthi unarudi 400.

Ukipandisha asilimia 100, mwisho wa kupunguza ni nusu.

Ukifika mpakani hapo hupati kitu. Ukipita, unamlipa mteja akuchukulie mali yako. Na jihadharini na nyongeza pia. Mama anauza maembe, mteja ananunua matano, anamwongeza la sita. Wengi husema amepunguza moja ya tano. Hapana. Ametoa maembe sita kwa bei ya matano, basi amepunguza moja ya sita, kama asilimia 17. Nyongeza ni punguzo ambalo halionekani. Si vibaya kuitoa, mteja naye hupenda, lakini ihesabu.

Faida imo katika leso za mwisho

Sasa lile neno korja. Korja ni ishirini, na mia ukiigawa kwa ishirini ni tano. Kwa hiyo katika korja, kila kipande ni asilimia tano. Leso moja ikidoda, asilimia tano ya mzigo imelala. Tatu zikidoda, asilimia kumi na tano. Huhitaji kalamu, waweza kuhesabu kwa vidole. Hata kama mzigo wenu si korja kamili, ufikirieni hivyo hivyo.

Lakini iko hatari moja. Hebu tuuze leso zetu moja moja kwa 600 na tutazame mtaji unarudi lini. Leso kumi zimeleta 6,000. Kumi na tatu zimeleta 7,800. Bado hatujafika 8,000. Ya kumi na nne ndiyo inavuka, 8,400. Maana yake, leso kumi na tatu zote, na theluthi moja ya ile ya kumi na nne, zilikuwa zikirudisha pesa zetu wenyewe. Faida karibu yote imo katika leso sita za mwisho.

Na zinazododa ni zipi? Si zile za mwanzo. Zinazododa ni za mwisho. Ndiyo sababu leso tatu tu, asilimia kumi na tano ya mzigo, pamoja na punguzo dogo, ziliishusha faida yetu kutoka hamsini mpaka ishirini. Msidanganyike na mauzo mazuri ya wiki ya kwanza.

Na hapo hatujataja nauli. Kwa feri ya Likoni watembea kwa miguu huvuka bure, lakini matatu si bure, na mchukuzi si bure. Tuseme safari yetu ilikula shilingi 400. Hizo nazo zilitoka. Basi zilizotoka ni 8,400, zilizoingia ni 9,600, faida ni 1,200, na 1,200 kwa 8,400 ni moja ya saba, kama asilimia 14. Mwaona ile hamsini ilivyoyeyuka!

Tuliulizwa: leso zilizobaki si mali?

Mzee mmoja ameuliza swali zuri sana: "Leso tatu ziko sandukuni, hazikuungua. Mbona mwaziita sifuri?"

Ni kweli, mzee wetu. Leso si samaki. Zile tatu tulizinunua kwa 1,200, na siku zikiuzwa pesa zitaingia. Tukiziuza kwa 400 ileile tuliyonunulia, zilizoingia zitakuwa 10,800, na tukiiweka nauli kando, faida itakuwa 2,800, asilimia 35. Kwa hiyo katika daftari ziandikwe: "Leso tatu zimebaki, tulizinunua 1,200." Ni mali ya kikundi. Lakini haziwezi kugawanywa kama pesa. Mtu hawezi kulipa karo ya mtoto kwa leso iliyo sandukuni. Kanuni yetu ni hii: kugawana, gawaneni pesa zilizoingia tu, baada ya kurudisha mtaji wote kwanza.

Swali la pili lilitoka kwa mama mmoja: "Je, tuziuze hata kwa bei ya chini ya tuliyonunulia?"

Hapa watu hugombana. Wengine husema, "Afadhali ikae kuliko kuuza kwa hasara." Lakini fikirini. Zile 400 zimeshatoka, leso ikiuzwa au isiuzwe. Tukiiuza kila moja kwa nusu ya bei tuliyopanga, yaani 300, zile tatu zaleta 900. Zilizoingia zitakuwa 10,500, faida 2,500, asilimia 31. Tukizifungia, tutabaki na ile ishirini yetu. Na zile 900 twaweza kununulia mali nyingine inayotembea. Leso iliyolala haizai. Kwa hiyo tazameni mzigo wote, msitazame kitu kimoja peke yake. Kama mnajua arusi au Idi inakaribia, ngojeni. Kama hakuna mnachokingoja, uzeni.

Jambo bora zaidi ni kuchagua vizuri mnaponunua. Kisutu, kwa mfano, ile leso ya arusi, mtindo wake ni wa zamani na bado watafutwa. Leso yenye jina la kuchokoza yaweza kuuzwa mbio wiki hii na kusahauliwa mwezi ujao.

Kwa mali inayooza, hesabu ianze mwisho

Leso hungoja, lakini embe halingoji. Asubuhi pale Marikiti mliona fungu la maembe limewekwa kando, yameanza kulainika. Kwa wanaouza matunda, samaki au chakula, ni lazima kuhesabu kinyume: kabla hujapanga bei, jua kwanza mangapi yataoza na mangapi utayapunguza.

Tuseme kikundi kinanunua maembe 100 kwa shilingi 10 kila moja, ni 1,000. Nauli na mchukuzi ni 200. Zilizotoka ni 1,200. Mnataka faida ya asilimia 20.

Wengi watasema, "Kumi, ongeza asilimia 20, tuuze kwa 12." Lakini mnajua kwa mazoea kwamba katika mia, kumi huoza, na ishirini huuzwa jioni kwa nusu bei. Sabini tu huuzwa kwa bei kamili. Kwa bei ya 12, sabini yaleta 840. Ishirini kwa shilingi 6 yaleta 120. Jumla 960. Zilitoka 1,200, zimeingia 960, hasara ni 240. Na 240 kwa 1,200 ni asilimia 20. Mlitaka faida ya ishirini, mmepata hasara ya ishirini! Na mlifanya kazi kutwa nzima juani.

Sasa anzeni mwisho. Asilimia 20 ya 1,200 ni 240. Kwa hiyo lazima ziingie 1,440. Maembe sabini ni ya bei kamili. Ishirini ya nusu bei ni sawa na kumi ya bei kamili. Yaliyooza ni sifuri. Jumla ni kama mna maembe themanini ya bei kamili. Gawanyeni 1,440 kwa 80. Jibu ni 18.

Bei ni shilingi 18. Hapo mtu akisema, "Mbona ghali?", mjue sababu: kila embe zima linambeba mwenzake aliyeoza. Na kama sokoni bei hiyo haikubaliki, basi mmejua mapema, kabla hamjatoa pesa. Mwaweza kutafuta maembe ya bei nafuu, au kupunguza yanayooza kwa kuyapanga vizuri wakati wa kusafiri, au kuacha biashara hiyo. Kujua mapema nako ni faida.

Mkirudi vijijini

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tumeyaona kwa macho yetu. Tunawaomba mkirudi mfanye mambo manne.

Kwanza, nunueni daftari. Chorени mistari mitano: tarehe, idadi iliyouzwa, bei iliyouzwa, pesa iliyoingia, na idadi iliyobaki. Siku hizi wateja wengi hulipa kwa M-Pesa, iliyoanza hapa Kenya mwaka 2007, na simu huweka kumbukumbu ya pesa. Ni vizuri, lakini simu haijui ni leso ngapi zimebaki sandukuni. Daftari lajua.

Pili, kila mkutano hesabuni mali mbele ya wote. Zilizouzwa na zilizobaki, mkijumlisha, lazima zilingane na zilizonunuliwa. Kumi na mbili, na tano, na tatu, ni ishirini. Zikilingana, na pesa zikilingana na bei zilizoandikwa, hakuna wa kumshuku. Zisipolingana, hapo ndipo mnaweza kuuliza.

Tatu, kubalianeni mapema bei ya mwisho ya kupunguza, na nani ana ruhusa ya kupunguza. Msimwachie muuzaji mmoja mzigo huo, halafu mje mumlaumu.

Nne, msigawane faida kwa kukisia. Yaulizeni yale maswali manne: Zilitoka ngapi? Ziliingia ngapi? Tofauti ni ngapi? Ni sehemu gani ya zilizotoka? Kama hamna anayeweza kugawanya, mwiteni mtoto wa shule. Msione haya. Sisi tulifundishwa na mtoto.

Na mjue, daftari halikuwekwa ili kumkamata mweka hazina. Limewekwa ili kumlinda. Kama tungekuwa nalo siku ile, mama yule angelifungua tu, na maneno yote yale yasingesemwa.

Mazoezi ya kufanya katika kikundi

1. Kikundi kilinunua vikapu 40 vya miyaa kwa shilingi 150 kila kimoja. Kiliuza vikapu 24 kwa wageni karibu na Fort Jesus kwa shilingi 250 kila kimoja. Kumi viliuzwa kwa punguzo la asilimia 10. Sita vilibaki. Pesa zilizoingia zinaonyesha faida ya asilimia ngapi?

2. Akina mama walipika mahamri 100. Unga, sukari, nazi, mafuta na makaa viligharimu shilingi 680 kwa jumla. Mahamri 80 yaliuzwa kwa shilingi 10, kumi yaliuzwa jioni kwa nusu bei, na kumi waliwapa watoto. Faida ni asilimia ngapi?

3. Mwenye duka alinunua kanzu kwa shilingi 1,000 akaiandikia bei ya 1,500. Anaweza kupunguza mpaka asilimia ngapi bila kupata hasara?

Majibu: La kwanza, zilitoka 6,000, ziliingia 8,250, faida asilimia 37 na nusu, na vikapu sita viandikwe katika daftari. La pili, ziliingia 850, faida 170, asilimia 25. La tatu, theluthi moja, kama asilimia 33.

Fanyeni kwanza wenyewe kabla ya kutazama majibu, na mkikosea fanyeni tena.